Kihisi chetu kilizimika Jumapili

Kihisi cha kupima joto la waya tulikifunga kwenye laini ya kilovolti 33 inayolisha korona (mashine ya kutoa nyuzi za mkonge) ya shamba moja la mkonge, upande wa Muheza. Waliopanda ni mafundi wa laini wenye kibali, umeme ukiwa umekatwa. Sisi tulibaki chini na kompyuta. Jumatatu hadi Jumamosi taarifa zikamiminika. Jumapili, kimya.

Betri ya kubadilisha hakikuwa nayo, kwani nani atapanda nguzo kila mara? Kilijilisha kwa usumaku wa waya wenyewe: kiini cha chuma chenye nusu mbili kinaukumbatia waya, koili imezungushiwa juu yake, na mkondo ukipita kwa mizunguko 50 kwa sekunde, koili inapata umeme wake. Sasa Jumapili korona imelala. Volti zipo, ampea hazipo. Waja leo waondoka leo, kama tusemavyo Tanga.

Kwa hiyo ukitaka kutengeneza kifaa kama hiki, usiulize laini inabeba ampea ngapi mchana. Uliza usiku wa manane na siku za mapumziko inabaki na ngapi, kisha piga hesabu hapo. Ujumbe wetu mmoja wa redio unakula miliwati 100 kwa sekunde moja, yaani jouli 0.1. Kila nusu saa ni jumbe 48 kwa siku, hazifiki jouli 5. Kapasita, ghala dogo la umeme, ya faradi 10 ikishuka kutoka volti 5 hadi 3 inatoa jouli 80. Jumapili inavukika, mradi kifaa kilale usingizi wa kweli kati ya ujumbe na ujumbe.

Na usikimbilie laini kujaribu. Mezani, pitisha waya wa ampea 2 mara 10 ndani ya kiini: koili itaona ampea 20. Ila usibane waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, usumaku unafutana. (Mimi nilipoteza siku nzima hapo.) Sugua pia nyuso za nusu mbili zikutane sawasawa, mwanya mwembamba kama karatasi unapunguza mavuno vibaya.

Paneli ya jua badala ya koili tuliijaribu Raskazone, ufukweni Tanga. Chumvi ya bahari ilifutika kwa kitambaa. Kunguru, hapana.