Máfan: neno la kuomba radhi linalogeuka tusi

Mwezi wangu wa kwanza Guangzhou, China, nilimtukana mama wa mapokezi bwenini bila kujua. Alikuwa ameamka kunifungulia mlango saa saba usiku, nami nikataka kumwambia nimekusumbua sana. Neno la Kichina la usumbufu nilikuwa nalo, 麻烦 (máfan), nikalipachika kwenye sentensi ya darasani: Nǐ hěn máfan. Akanitazama, akachukua funguo zake, akarudi kulala. Kumbe nimemwambia, "Wewe msumbufu sana."

Kwa hiyo wewe uliyetua juzi, anza na hili. Sisi tunasema nakusumbua, unanisumbua, na viambishi vinajieleza vyenyewe nani kamsumbua nani. Kichina hakina viambishi hivyo, kinategemea mpangilio. Máfan ikitangulia nǐ (wewe), máfan nǐ, ni kitenzi na ni adabu tupu: naomba nikusumbue. Nǐ ikitangulia namna ile yangu, umempa mtu sifa mbaya. Ukishasaidiwa unaongeza le, máfan nǐ le, na kwa mtu mzima unatumia nín badala ya nǐ. Atakujibu bù máfan, yaani hamna shida.

Matamshi yasikutishe. Má inapanda kama mtu anayeuliza "eh?", fan inapita upesi bila toni. Mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho kwa mara moja unatufaa.

Kwenye teksi: Shīfu, máfan qiánmiàn tíng yíxià, nishushe hapo mbele. (Shīfu ni kama fundi, dereva naye huitwa hivyo.) Kwenye basi lililojaa: Máfan ràng yíxià, naomba kupita.

Wa biashara, sasa sikilizeni. Umeomba mzigo ubadilishwe rangi, muuzaji akavuta pumzi, akasema yǒudiǎn máfan, "ina usumbufu kidogo". Hicho kidogo si kidogo. Mara nyingi ni hapana iliyovishwa heshima, au bei iko njiani kupanda. Hawapendi kukukatalia usoni, na hapo sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuwacheka, maana "inshallah" zetu tunazijua.

Niliwahi kumtafsiria mteja kutoka Dar aliyetaka nembo yake kwenye jozi 60 za viatu. Aliposikia "kidogo" akachangamka, akaanza kuulizia kontena litaondoka lini. Nikamvuta pembeni.

"Kaka, amekataa."

"Amekataa saa ngapi? Si anacheka!"

Nikamrudia yule dada wa dukani, nikamwuliza ni jozi ngapi ndiyo bù máfan. Hakusema neno. Akavuta kikokotoo, akabonyeza, akamgeuzia mteja wangu aone mwenyewe: 600.