Mgonjwa wa "gesi" mwenye endoskopi safi: kwa mnaoanza fildi

Wadogo zangu mnaoanza fildi hospitali za hapa Dar, kuna mgonjwa mtakutana naye mpaka mumzoee. Tumbo linamjaa, anabeua, anashiba haraka, kashameza omeprazo, zile dawa za kupunguza asidi, za duka la dawa mpaka kachoka, kapima pailori, bakteria wa vidonda vya tumbo, hana, kapigwa endoskopi, ile kamera ya kuangalia tumboni, majibu safi, halafu kuna mtu kamwambia ni mawazo tu. Sio mawazo. Na asidi mara nyingi sio stori nzima, kwahiyo msikimbilie kumuongezea dozi.

Muulize anakula nini na shida inaanza baada ya muda gani. Kuna mama lishe alitwambia, "Dokta, ugali na mchicha nakula freshi, ila wali wa nazi na samaki wa kukaanga, vijiko vichache tu naona kama nimemeza jiwe." Hapo kashakupa nusu ya majibu. Mafuta yakifika duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, seli za pale zinamwaga homoni inaitwa kolesistokinini, mnaijua kwa CCK, inabana mlango wa chini wa mfuko wa chakula ili chakula kishuke taratibu, inalegeza sehemu ya juu na inaamsha neva ya vagasi ipeleke habari kwenye ubongo kwamba tumeshiba. Hiyo ni kwa kila mtu, wewe na mimi pia, ila hawa wenzetu utumbo wao unahisi kupita kiasi. Watafiti walishawahi kupitisha mafuta kwa mrija mpaka duodenamu huku puto linapulizwa ndani ya mfuko wa chakula, na wagonjwa waliopewa dawa ya kuzuia CCK kichefuchefu na kujaa vikapungua. Mimi hapo ndo nilielewa kwanini chipsi mayai ya usiku inawatesa kuliko pilipili wanayoilaumu.

Homoni za tumbo ziko nyingine. Grelini, iliyogunduliwa Japani 1999, inaleta njaa na kuharakisha chakula kushuka. Motilini inaleta lile wimbi la kufagia tumbo ukiwa hujala, kila dakika 90 hadi 120 hivi, na erithromaisini, ile antibayotiki, inagusa kipokezi kilekile cha motilini, ndo maana mtu akiimeza anakuja analalamika tumbo linanyonga. Lakini msianze kuagiza vipimo vya homoni hizi, kliniki havitabadilisha tiba yako, bora umwambie apunguze mafuta na ale kidogo kidogo mara nyingi uone.

Kama anapungua uzito bila sababu, anatapika damu, choo cheusi au chakula kinakwama kooni, hizi habari za homoni weka pembeni, mpeleke kwa bingwa fasta.

Halafu siku hizi ulizeni na sindano za kupunguza mwili, kwa upole tu maana wengi wanaficha. Semaglutaidi inaiga GLP-1, homoni nyingine ya utumbo inayochelewesha chakula kushuka, unaweza kuhangaika na dawa za gesi miezi kumbe sindano iko kwenye friji nyumbani kwake.