Apdeti imenifichia majina ya faili, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Niko hapa Kigoma, Mwanga, najifunza programu mwenyewe mwaka wa pili sasa, na kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ni kumtengenezea mama mmoja anayeuza mawese na dagaa pale Kibirizi mfumo wa kuhesabia mzigo wake kwenye simu. Natumia chombo cha AI cha kuandikia programu, nakilipia kila mwezi. Zamani kikianza kazi kilikuwa kinanitajia kila faili kinayoisoma, jina kwa jina, nikiona kinaelekea pabaya nakisimamisha. Wiki mbili zilizopita kikajiapdeti chenyewe usiku, asubuhi nafungua nakuta kinaandika tu "faili 4 zimesomwa", faili zipi hakisemi. Sasa kwenye projekti yangu kulikuwa na faili mbili za vipimo, ya zamani ya majaribio ambayo dumu ni lita 5, na mpya ambayo dumu ni lita 20 kama wanavyouza pale mwaloni. Kikasoma ya zamani. Mama akaingiza madumu 30, simu ikamwambia ana lita 150, akanipigia analia akijua kaibiwa. Watu nikiwaeleza wananiambia zoea tu ndo teknolojia ilivyo. Kuna namna ya kurudisha ile ya mwanzo? Na kwa nini wanaondoa kitu ambacho mtu anakitegemea?
– Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na huyo mama mpe pole yangu, maana kuona lita 600 zimegeuka 150 si mchezo, huo ni mtaji wa mtu.

Hilo la "zoea tu" mimi silikubali hata kidogo. Kwako yale majina ya faili yalikuwa ndo breki. Wenye kampuni wao wanaona hivi: AI za sa hivi kwa kazi moja tu zinaweza kusoma faili makumi, orodha inajaa skrini, watu wengine wanalalamika hawaoni jibu liko wapi, basi wanaifupisha. Wanaoipenda ile orodha huwa wako kimya kwa sababu inawafanyia kazi vizuri, nani anaandika barua kusema breki zangu ziko salama? Ndo maana kinaondoka kitu ambacho watu wanakishikilia kila siku.

Kabla hujarudi vesheni ya nyuma fanya kwanza hili, fungua orodha ya mabadiliko ya hiyo apdeti uisome yote, halafu upekue setingi. Mara nyingi kipengele hakijafutwa, kimehamishwa tu, kimewekwa nyuma ya kitufe cha kuonyesha maelezo marefu au amri fulani ya kibodi. Nimeshakesha usiku mzima nikihangaika kurudisha kitu ambacho kilikuwa mibonyezo miwili tu mbele yangu.

Kama kweli hakipo, jua hicho chombo unachokiona kimoja kina sehemu tatu. Kuna programu ya kuandikia yenyewe, kuna ekstensheni au programu ndogo ya AI iliyokaa ndani yake, halafu kuna modeli yenyewe, yaani ule ubongo wa AI, ambayo iko kwenye seva huko mbali, haipo Mwanga wala kwenye laptopu yako. Mbili za kwanza unaweza kuzigandisha. Kama programu yako ya kuandikia ni VS Code ingia setingi, tafuta Update: Mode, iweke manual ili isijiapdeti mpaka wewe uiambie, kisha nenda kwenye ekstensheni husika, zima apdeti ya kujiendesha, bonyeza kale kagurudumu kenye meno uchague vesheni ya nyuma. Kama chombo chako uliinstol kwa npm (kile kifaa cha kuinstolia programu kwa kuandika amri) kwenye terminali, unakiinstol upya ukimalizia jina lake na alama ya @ na namba ya vesheni unayoitaka, ila usisahau kuzima kujiapdeti kwake maana usipozima kesho asubuhi utakikuta kimepanda tena na bando lako limeliwa. Ya tatu, ile ya kwenye seva, hiyo huna mamlaka nayo, wakiibadilisha imebadilika, na siku moja seva inaweza kuikataa hata hiyo vesheni yako ya zamani. Tena vesheni ya zamani inabaki na matundu ya usalama yaliyozibwa kwenye mpya, kwa hiyo ichukulie ni ya kukusogeza wiki kadhaa tu, usihamie huko.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi kwenye barua yako, ile faili ya lita 5. Kwa nini bado ilikuwemo? Mdogo wangu ifute leo. Kama unatumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili zako, na ulishaihifadhi humo kwa commit, hutaipoteza, historia yote iko pale, ukiihitaji unairudisha. AI ikikuta faili mbili zinazofanana haijui kwamba moja ni ya majaribio, na hata ile orodha ya majina ingerudi, kuna siku utakuwa umechoka usiione. Halafu andika jaribio dogo kabisa la kujiendesha, madumu 30 lazima yatoe lita 600, likitoa namba nyingine programu igome. Na kila AI ikimaliza kazi piga git status uone na faili mpya, kisha git diff usome mstari kwa mstari kilichobadilika kabla hujakubali, hiyo haitakuonyesha faili zilizosomwa ila zilizoguswa zote utaziona, na Git iko kwenye mashine yako tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kampuni ya kuja kuifupisha usiku. Vyombo vingi pia vinakubali faili ya maelekezo ndani ya projekti, andika humo kwa Kiswahili au Kiingereza kwamba kabla ya kubadilisha chochote kitaje kwanza faili kilizosoma. Hakitatii mara zote, ila mara nyingi kitatii.

Na lalamika. Kwa adabu lakini kwa ukamilifu, eleza hivohivo ulivyonieleza mimi, madumu mangapi, lita ngapi, nani aliumia. Agosti 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, walipoleta modeli mpya ya GPT-5 waliiondoa ya zamani, GPT-4o, kwenye ChatGPT ghafla, watu wakapiga kelele, ndani ya siku chache ikarudishwa kwa wanaolipia. Kwa hiyo wanasikia, wakiambiwa.

Ukipata laptopu yenye RAM ya kutosha jaribu pia modeli ya kukaa kwako mwenyewe, Ollama, programu ya kuendeshea modeli kwenye kompyuta yako, ni ya bure, na modeli ya kuandikia programu ya Qwen2.5-Coder, ile ya saizi ya 7B, ni kama GB 4.7 kuidaunilodi mara moja basi, baada ya hapo haihitaji bando na haibadiliki mpaka utake. Haifikii zile kubwa za kulipia, nisikudanganye, ila kwa kazi ndogondogo za mfumo wa mama inasaidia.

SWALI: Dada habari, chombo changu cha AI wananiambia nikilipa mwaka mzima ni nafuu kuliko mwezi mwezi. Nilipe?
– Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Salama. Usilipe. Juni 2025 Cursor, nacho ni chombo cha AI cha kuandikia programu, walibadilisha namna ya kuhesabu matumizi kwenye mpango wao wa Pro, watu wakashtukia makato ambayo hawakuyategemea, mwezi Julai kampuni ikaomba radhi na kurudisha hela za waliokatwa bila kutarajia. Hao waliomba radhi, mwingine anaweza asiombe. Lipa mwezi, na tarehe ya kukatwa iandike kwenye simu ikukumbushe siku 3 kabla.