Kabla ya ukurasa, kusanya namba za wateja

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: mtu mwenye mtaji mdogo hapa Uganda aanze vipi kuuza bidhaa mtandaoni? Mimi nauza vitenge nikiwa Arua, na wateja wangu wengi wako Kampala na Gulu. Jibu langu ni kwamba aanze na namba za simu. Aziandike kwenye daftari, jina na mtaa wa kila mteja, hata kabla hajafungua ukurasa wowote.

Nasema hivyo kwa sababu ya Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, Facebook ilifungwa nchini kwa amri ya serikali, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ilirudi, lakini Facebook iliendelea kufungwa miaka iliyofuata. Wapo walioingia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi, ila mteja wa kawaida hajisumbui kiasi hicho ili aone kitenge tu. Muuzaji aliyekuwa na maelfu ya wafuasi pasipo namba ya hata mmoja wao alilazimika kuwatafuta upya. Mwenye daftari alipiga simu, akatuma SMS, mzigo ukasafiri kama kawaida. Vijana wanaoanza leo hawaambiwi jambo hili, nami linaniuma, maana wanatumia pesa nyingi kununua matangazo wakati wao wenyewe hawana njia nyingine ya kuwafikia wateja.

Namba hizo utazipata wapi? Kwa watu wanaokufahamu tayari: majirani, mliosoma nao, kina mama wa kikundi cha akiba, waumini wenzako. Waombe ruhusa kwanza. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na hata isingekuwepo, ni adabu tu kutomtumia mtu matangazo asiyoyataka. Kisha waambie wahifadhi namba yako. Kwenye WhatsApp, ujumbe unaoutuma kwa orodha ya matangazo (broadcast list) humfikia yule tu aliyekuhifadhi katika simu yake. Wengine hawaupati, nawe utadhani wamekupuuza. Chukua WhatsApp Business, ni ya bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake. Bei iandike wazi. Wale wa "njoo inbox" wanafukuza watu.

Picha ipige mchana karibu na dirisha, kwani taa ya usiku hubadilisha rangi, na nyekundu ikifika Kampala ikaonekana ya kahawia utaambiwa umedanganya. Taja kipimo pia. Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5.5, si mita 6, na fundi anayeshona gauni pamoja na kilemba huihisi hiyo nusu mita inayopungua.

Sasa mzigo. Kutoka huku kwetu tunatuma kwa mabasi ya Kampala. Unaupeleka ofisi ya basi, unalipia, unapewa risiti. Andika jina na namba ya mpokeaji juu ya mfuko kwa kalamu nene, na umtumie picha ya risiti pamoja na namba ya basi. Akitaka uletwe hadi mlangoni, nauli ya boda atailipa yeye, na mkubaliane kabla. Mteja mgeni ana haki ya kuogopa kulipa kabla ya kuona. Mimi humwomba nusu kwanza, nyingine akishapokea. Akinunua tena hulipa yote bila kuulizwa, na huyo ndiye anayekuletea dada zake.

Kuhusu malipo ya simu (mobile money), usiamini SMS aliyokuonyesha mteja. Angalia salio lako mwenyewe ndipo utoe mzigo, kwa sababu ujumbe wa kughushi ni mwingi. Na kumbuka, ukitoa pesa kwa wakala unakatwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kutoa. Kwenye shilingi 200,000 kodi peke yake ni 1,000. Ikiwa msambazaji wako anapokea kwa simu, mlipe hukohuko kwenye simu usianze kutoa. Gharama za bando nazo ziingize kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Karatasi zisikutishe. Jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, TIN (namba ya mlipakodi) hutolewa na URA, mamlaka ya mapato, bila malipo, na leseni ya biashara ulizia halmashauri ya mji wako. Ukishaona wateja wanarudi, zishughulikie mapema, kwani ofisi au duka likitaka kuagiza kwako litakuuliza TIN kabla ya bei.

Mtaji? Nunua vipande vichache vya ruwaza tofauti. Tazama kipi kinaulizwa na watu zaidi ya mmoja, kisha urudi sokoni kununua hicho.

Msomaji wenu,
Arua