Joistiki inavuta ndege upande na usukani unarukaruka? Soma hii kabla hujanunua nyingine

Mkuu, nimeielewa shida yako. Ukiwa kwenye simuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta), ukiachia joistiki ndege inalalia kulia yenyewe, usukani wa mkia unashtukashtuka hata ukiwa umetulia angani, umeisawazisha kwenye Windows mara kadhaa ikazidi kuharibika, na sasa unataka kununua mpya. Usinunue bado. Hapo una shida mbili, na ninavyoona mimi kila moja ina chanzo chake. Nimeshafungua joistiki nyingi, zangu na za watu, na zilizokuwa zimekufa kabisa ni chache mno. Nyingi zilikuwa na kipande kimoja kidogo kilichochakaa, na baadhi hazikuwa na ubovu wowote.

Cha kwanza, itoe simuleta kwenye kesi. Ifunge kabisa, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl na ubonyeze Enter. Kitafunguka kidirisha chenye orodha ya vidhibiti vya michezo vilivyochomekwa. Ingia kwenye sifa za joistiki yako, utaona mraba wenye msalaba mdogo unaofuata mkono wako, na pembeni yake mistari ya mihimili mingine, yaani kila mwelekeo ambao kifaa kinasogea: msokoto (kusokota mpini, ndiko kunakoendesha usukani wa mkia), mkono wa mafuta (wa nguvu ya injini) na kadhalika. (Walio kwenye Linux watumie jstest au evtest, kazi ni ileile.) Sasa usiiguse joistiki. Iangalie tu kwa dakika kadhaa. Msalaba ukikaa katikati umetulia, basi mhimili wa kulalia ubavu ni mzima, na anayevuta ndege yako kulia yumo ndani ya simuleta. Msalaba ukisogea wenyewe, ubovu uko kwenye kifaa, kwenye waya, au kwenye kumbukumbu za usawazishaji.

Kisha sogeza mhimili mmojammoja kutoka mwisho hadi mwisho, polepole sana. Watu wengi wanaizungusha joistiki haraka kama wanakoroga, halafu wanasema iko sawa. Ukienda haraka huoni kitu. Ukienda polepole, namna inavyoruka inakueleza ugonjwa wenyewe. Ikiruka mahali palepale kila ukipita, hiyo ni potensiomita (kipande cha ndani kinachopima mhimili umesogea kiasi gani) iliyochakaa sehemu hiyo. Ikiruka popote bila mpangilio, hasa ukiuchezea waya au ukisokota mpini, shuku waya. Ikiganda pembeni kabisa na haitikisiki hata ufanye nini, kuna mguu mmoja wa potensiomita usiofika kwenye bodi ya elektroniki ya joistiki.

Hilo la mwisho nilieleze kidogo kwa sababu linaokoa muda. Potensiomita ina miguu mitatu. Mguu wa pembeni mmoja unapokea umeme, kwa kawaida volti 5 au 3.3, wa pembeni mwingine unaenda hasi, na wa kati unateleza juu ya utepe wa kaboni na kurudisha volti fulani kati ya hizo mbili. Bodi inaigeuza volti hiyo kuwa namba. Waya wa hasi ukikatika, mguu wa kati unabaki na umeme wote na mhimili unaganda kwenye namba ya juu kabisa. Ukikatika ule wa umeme, mhimili unaganda kwenye sifuri. Ukikatika wa kati, bodi inasoma hewa tu na namba zinatangatanga. Mihimili yote ikigandia upande mmoja kwa pamoja, usihangaike na potensiomita hata moja. Tafuta waya zinaougawana.

Sasa hili la kusawazisha likazidi kuharibika. Unaposawazisha, Windows inakumbuka namba ya chini, ya juu na ya katikati. Tuseme msokoto wako kwa kweli unacheza kati ya 150 na 870 katika kipimo cha 0 hadi 1023. Ukiwa katikati ya zoezi, potensiomita iliyochakaa ikarusha namba hadi 1023 kwa nukta moja tu, Windows inaamini huo ndio mwisho, na kuanzia hapo usukani wako haufiki mwisho wa upande huo tena. Ikirusha namba wakati unathibitisha katikati, katikati yenyewe imehama. Yaani ulikuwa unaifundisha kompyuta ubovu, na kila ukirudia unaufundisha upya. Ndani ya kidirisha kilekile kuna kitufe cha kurudisha hali ya awali. Kibonyeze, kisha usisawazishe tena mpaka kifaa kimetengenezwa. Joistiki nyingi za USB za siku hizi hazihitaji kabisa usawazishaji wa Windows. Na kama unatumia simuleta ya X-Plane, ile ina usawazishaji wake ndani, kwa hiyo ukifanya kote kuwili unajiongezea pa kutafuta kosa.

Ukiwa hapo kwenye usawazishaji, kuna kisanduku cha kuonyesha data ghafi. Kiwekee tiki usome namba zenyewe bila kumaliza zoezi. Bodi ya biti 10 inasoma 0 hadi 1023, ya biti 12 hadi 4095, ya biti 16 hadi 65535. Kwenye ya biti 10, namba moja au mbili kuchezacheza ni kawaida kabisa. Zikiruka kwa makumi ukiwa hujagusa kitu, huo ni ubovu.

Jambo lingine dogo: kuna joistiki zinazochukua pale zilipo wakati wa kuchomekwa kuwa ndiyo katikati. Ukichomeka huku mpini umeuegemeza kwenye kitu, ndege italala upande siku nzima. Ichomoe, iache isimame yenyewe, ichomeke tena bila kuigusa. Fanya hili kabla ya yote, halikugharimu kitu.

Tuseme msalaba umetulia vizuri. Basi rudi kwenye simuleta, na hapa ndipo nina uhakika zaidi kuhusu hilo la kulalia kulia. Angalia mhimili mmoja umepewa vifaa vingapi. DCS World ina tabia ya kugawa mihimili yenyewe kwa kila kifaa inachokikuta, kwa hiyo pedali za miguu au mkono wa mafuta unaweza kujikuta nao unaendesha eleroni (vibao vya mabawani vinavyolaza ndege ubavu) bila wewe kujua. Microsoft Flight Simulator nayo inakipa kila kidhibiti inachokitambua mpangilio wake wa kuanzia. Kama una padi ya michezo imechomekwa nyuma ya kompyuta na umeisahau, kijiti chake kilicholegea kinatuma "kulia kidogo" muda wote. Chomoa kila kitu isipokuwa joistiki uone. Jamaa mmoja niliyemsaidia alikuwa ameshaagiza joistiki ya pili kwa ajili ya hili, kumbe ni padi iliyokuwa kwenye droo na waya wake bado uko kwenye mashine.

Halafu kuna uwezekano kwamba ndege inafanya kazi yake vizuri tu. Hukusema unarusha ndege gani. Ukiwa na injini moja ya propela inayozunguka kisaa ukiitazama kutoka kiti cha rubani, itavuta kushoto ukifungulia nguvu zote wakati wa kupaa, na hiyo ni fizikia, wala si joistiki. Wewe unavutwa kulia, tena ukiwa umeshatulia juu, kwa hiyo ningeuliza mafuta. Cessna 172 ina chaguo la kunywa kutoka matangi yote mawili kwa pamoja. Piper PA-28 haina, ni kushoto au kulia. Ukiliacha kwenye tangi la kushoto kwa muda mrefu, bawa la kushoto linapungua uzito, la kulia linabaki limejaa, na ndege inaanza kulalia kulia taratibu. Rubani wa kweli hubadilisha tangi kila baada ya muda. Jaribu ndege nyingine, hali ya hewa bila upepo, matangi sawa, trimu zote (marekebisho madogo ya kuisawazisha ndege) sifuri. Ikienda sawa, joistiki yako haina hatia kwenye shtaka hilo.

USB nitaipitia haraka kwa sababu dalili zako si zake. Joistiki ikikatika na kurudi huku unasikia ile sauti ya Windows ya kuchomoa kifaa, au vidhibiti vikiganda pale vilipokuwa, ihamishe kutoka kwenye habu isiyo na umeme wake uichomeke moja kwa moja kwenye mashine. Kisha nenda kwenye orodha ya vifaa vya mfumo uondoe ruhusa ya Windows kuzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Basi.

Sasa usukani. Huo ninaamini ni ubovu wa kweli, na ni wa potensiomita ya msokoto. Hata joistiki zinazotumia sumaku na kihisi cha Hall kwenye mihimili miwili mikuu (kanuni hiyo iligunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, na haichakai kwa sababu hakuna kinachosuguana) mara nyingi msokoto wake bado ni potensiomita ya kawaida. Msokoto unatumika sana, tena katikati palepale, na utepe wa kaboni unalika hapo kabla ya kwingine.

Kama dhamana haijaisha, ishia hapa uirudishe ulikonunua. Kama imeisha, ichomoe, geuza, fungua skrubu. Angalia na chini ya vibandiko na miguu ya mpira, hupenda kujificha huko. Shikilia springi unapotenganisha, na piga picha ya nyaya kabla hujagusa chochote. Ukiwa na multimita, pima ukinzani kati ya mguu wa kati na mmoja wa pembeni huku unasokota polepole. Unatakiwa kupanda au kushuka bila kukatika. Kama huna mita, na plagi za ndani zinafanana, badilishana: plagi ya msokoto iweke kwa mkono wa mafuta, na ya mkono wa mafuta kwa msokoto. Kurukaruka kukihamia mhimili mwingine, mbaya ni potensiomita. Kukibaki palepale, mbaya ni bodi. Jaribio hili nalipenda kuliko yote kwa sababu halibishaniwi.

Kusafisha kunasaidia. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya elektroniki, kidogo tu kwenye tundu la potensiomita, kisha zungusha mwisho hadi mwisho mara nyingi na uache ikauke kabisa. Usitumie yale mafuta ya kulegezea skrubu zenye kutu, wala grisi karibu na kaboni. Yanabaki na kukusanya vumbi, na baada ya muda mfupi uko pabaya kuliko mwanzo. Lakini ujue unachosafisha ni uchafu. Kaboni iliyokwisha kulika hairudi, na kama kurukaruka kumerejea baada ya wiki chache, badilisha tu.

Unaponunua ya kubadilishia, soma maandishi kwenye mwili wake. B10K maana yake ukinzani wa kilo-omu 10 na mwendo ulionyooka. Herufi A kwa kawaida ni ile ya sauti, isiyopanda kwa usawa, na ukiifunga hiyo usukani utakuwa mzito upande mmoja na mwepesi kupita kiasi upande wa pili. Linganisha pia urefu na umbo la kijiti chake kinachozunguka, na inazunguka kiasi gani. Namba ikifanana na umbo likakataa, haitaingia.

Ukiwa umeshafungua, zikague nyaya zinazopita katikati ya mpini. Kila ukisokota zinajikunja, na shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Dalili yake ni vitufe kadhaa vya kichwani kupotea kwa pamoja na kurudi ukikunja mpini. Kitufe kimoja kikifa peke yake, hicho ni swichi.

Kuna atakayekuja hapa kukuambia uongeze eneo bubu, ile sehemu ya katikati ambayo simuleta inaipuuza. Mimi sikubaliani naye kwa hatua hii. Ni kufunika kidonda kichafu. Eneo bubu linaficha mtikisiko wa katikati tu, miruko ya kwingine inabaki vilevile, na unapoteza ule mguso mdogo unaouhitaji unapoinua pua kutua. Kwa helikopta ndiyo kabisa, hazirukiki. Tengeneza kwanza, halafu weka asilimia 2 au 3 kama bado unaona haja.

Anza na joy.cpl leo. Kisha weka hapa aina ya joistiki, ndege unayorusha, na namba ghafi tatu za msokoto: ukiwa umeachia, umesokota kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Kwa hizo tutajua kama ununue potensiomita au ulehemu waya tu.