Usipeleke skrubu ya alizeti kupakwa kromu kabla hujaipitisha tupa

Mkuu simamisha hiyo hela kwanza! Umeandika kwamba fundi wa Dar anataka laki tisa akupakie kromu ngumu kwenye skrubu ya mashine yako ya kukamua alizeti huko Kongwa. Mimi nilishatoa hela kama hiyo, mashine yangu ipo Kibaigwa, na moyo umeniruka niliposoma.

Yule wa kwangu aliniambia "kromu hailiki, hii ni ya maisha", na kweli ilirudi inang'aa kama rimu ya baiskeli mpya, wiki ya tatu mafuta yanapungua, mashudu yanatoka yameloa, nafungua nakuta kromu imebanduka magamba magamba upande wa kutokea mashudu, pale kwenye presha kubwa, na magamba yenyewe yamekwangua vyuma vya keji, ile nyumba ya vyuma inayozunguka skrubu, kwa hiyo nikanunua na keji, msimu ukapita hivyo, wateja wakahamia kwa jirani. Nikampigia simu, akasema eti nimekamua alizeti chafu. Sasa alizeti ya Dodoma inaanikwa chini, mchanga utakosaje? Alitakiwa aniulize hilo kabla ya kupokea hela! Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Mchanga wetu una madini ya kwatzi, na kwatzi kwa kipimo cha ugumu cha Vickers inafika kama 1,100, kromu ngumu iko kama 900, kwa hiyo mchanga unaikwangua tu. Halafu hiyo kromu ni nyembamba, kwa kawaida haifiki hata nusu milimita, na chini yake mimi nilikuwa na chuma laini cha kawaida, kikibonyea kidogo ngozi ya juu inapasuka, ganda la yai juu ya ugali.

Kwa hiyo uliza kwanza nini kinakula chuma chako, na chini ya hiyo ngozi kuna chuma gani, rangi na mng'ao baadaye. Kama ni mchanga, tafuta fundi wa kuchomelea mwenye rodi za karbaidi ya kromu, karbaidi yenyewe kwa kipimo hicho hicho inapita 1,500, anajaza tabaka mbili, zikizidi tatu zinaanza kumeguka. Nyufa ndogo juu zikipoa usishtuke, ni kawaida yake. Ila achomelee kwa kurukaruka, akikaza sehemu moja shafti inapinda, kisha apige grainda mpaka ikae sawa kwenye keji. Yangu ya hivyo imemaliza msimu mzima, na siku hizi alizeti napitisha kwenye chekecheke kwanza.

Leo jioni chukua tupa mpya, ipitishe kwenye skrubu upande wa kutokea mashudu. Ikiteleza, chuma ni kigumu tayari. Iking'ata, ni laini, na huyo fundi wa kromu usimtumie hata mia. Njoo uniambie imefanyaje.