Nahodha Faki bado hajafika chini

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Nasomesha skuli ya sekondari huku Wete, na naandika tanzia itakayochezwa na wanafunzi. Mhusika mkuu ni Nahodha Faki. Biashara yake ya samaki inaanguka, mkewe anadai talaka, mashua yake inazama, na mwanawe anafia humo. Katika onyesho la nne anapiga magoti na kusema: "Sasa nimefika chini kabisa, hakuna pengine pa kuangukia." Mazoezini watazamaji hawakuguswa, na wengine walicheka. Wenzangu wanataka mwisho ajitupe baharini ili uchungu uzidi. Mie nasita. Chini kabisa pa mtu wa tanzia panajengwa vipi, na pawekwe wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Hao waliocheka usiwalaumu. Umemwangushia Faki mambo manne, na hakuna hata moja alilolitenda kwa mkono wake. La kwanza mtazamaji anamhurumia, la pili anazoea, la tatu anaanza kungoja linalofuata. Likija la nne, kicheko kinamtoka mwenyewe bila kukusudia.

Mie kina cha anguko hukipima kwa kile mtu anachokuja kukijua: kwamba aliyeyaleta haya ni yeye, na aliyaleta akidhani anafanya jema. Mchezo wa Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, ambao Samuel Mushi aliutafsiri kwa jina la Mfalme Edipode, ukachapishwa 1971, ndio mahali pazuri pa kujifunzia hili. Mfalme Edipode alitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Mjumbe anafika kutoka Corinth, mji aliolelewa, na habari ya heri: yule mfalme anayedhaniwa baba yake Edipode amekufa kifo cha kawaida, basi ile hofu ya kumuua baba imekwisha. Edipode bado anaogopa upande wa mama. Mjumbe, kwa nia safi kabisa, anamtuliza: usihofu, wale hawakuwa wazazi wako wa kukuzaa. Faraja ile ndiyo inayomfungulia shimo. Jocasta, mkewe, ambaye kumbe ndiye mama yake mzazi, anaelewa kabla yake, anamsihi asiulize zaidi, kisha anaingia ndani. Edipode hasikii. Anamwita mchungaji mzee anayejua asili yake, na mzee naye anamwomba asimlazimishe kusema. Mfalme anajua kuwa atakalosikia ni la kutisha, na bado anasema lazima alisikie.

Pale ndipo chini kabisa. Kujitoboa macho kunakuja baadaye, tena hatukuoni. Kunafanyika ndani ya jumba na tunahadithiwa na mtu aliyetoka humo. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliusifu mchezo huu kwa sababu mambo yanageuka na mtu anautambua ukweli kwa wakati mmoja. Wewe umeyatenganisha: mambo ya Faki yanageuka mara nne, na hakuna anachokitambua.

Sasa ile kauli yake ya kupiga magoti. Katika King Lear ya Shakespeare, sehemu ya nne, Edgar amekwisha fukuzwa na baba yake na anajificha kwa sura ya mwendawazimu. Anajiliwaza kwamba aliyekwisha kuwa chini hana tena la kuogopa. Hajamaliza vizuri maneno yake, analetwa baba yake, macho yameng'olewa, anaongozwa njia na mzee. Hapo Edgar anatambua kwamba maadamu mtu angali na uwezo wa kusema "hili ndilo baya kuliko yote", baya kuliko yote bado halijamfika. Basi kauli ya Faki ama ifute, ama iweke mapema, onyesho la pili, ili mchezo uje kuikanusha.

Kwa hadithi yako mie ningefanya hivi. Talaka ondoa, na kufilisika ondoa. Bakisha mashua na mtoto. Mashua inahitaji kutiwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao kwa pamba, kabla ya upepo wa kusi kushika, na pesa ya fundi ipo. Faki anaitumia kumwozea huyo huyo mwanawe, harusi ya kupendeza, mtaa mzima unakula. Ni kosa ambalo baba yeyote wa Pemba angeweza kulifanya, na ndiyo maana litauma. Baadaye anatoa amri mashua iende baharini kwa sababu madeni ya harusi yanamkaba, na yeye mwenyewe anabaki pwani.

Baharia mmoja anarudi hai. Mlete kama mjumbe wa Corinth, aje kufariji: "Nahodha, usijitese, mtoto hakufa na kinyongo. Maji aliyaona yanapenya tokea asubuhi. Alituambia tusikwambie, akasema baba ametumia pesa ya kalafati kwa ajili yangu, sitamfedhehesha." Faki asijibu. Mpe furushi la pamba ya kalafati alilokuwa amelinunua kwa kuchelewa, aendelee kuisokota pamba ile kwa vidole huku baharia akimalizia maneno yake ya kumliwaza. Mwanafunzi asiyejua kulia jukwaani anaweza kusokota pamba, na kwenye uwanja wa skuli usio na taa wala vipaza sauti kitendo hicho kitaonekana hadi safu ya nyuma.

Mahali pake? Usipaweke mwisho kabisa. Baada ya Edipode kuujua ukweli kumebaki karibu robo ya mchezo, na ni robo nzito. Hajiui. Anatoka mbele za watu akiwa kipofu, anaomba afukuzwe nchini, anawashika binti zake. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) naye, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anaombwa aseme kwamba maji ya dawa aliyowapa watu kuwa kinga ya risasi yalikuwa uongo, na anakataa. Ameshindwa kila upande, lakini kuna uamuzi mmoja uliobaki ambao ni wake peke yake.

Kwa hiyo usimtupe Faki baharini. Ukimuua, unampunguzia mzigo, na watazamaji wako, ambao wanajua hukumu ya kujiua katika dini yao, wataondoka wakibishana juu ya hukumu na kumsahau mtoto. Muache hai na umpe la kuamua. Mkwe wake, mjane wa juzi, bado hajui kwa nini mashua ilizama. Yuko eda, ndani ya nyumba ya Faki. Andika onyesho la tano juu ya kama atamwambia.